Ng'ombe Saba wa Liévin

Gauthier alipuliza vumbi ndani ya kompyuta ya Maman Scholastique hadi akapiga chafya. Mashine ilikuwa na miaka kumi na tano, ilitaka nusu saa kuamka, na mafundi wote wa mtaa wa Ngezi walikuwa wameikataa. Yeye aliikubali. Kazi ya kompyuta alijifundisha mwenyewe, na hakumwacha mtu asahau hilo.

"Nitakuwekea Linux, maman. Itakimbia kama pikipiki mupya."

"Sitaki ikimbie. Nataka Liévin tu."

Liévin, mumewe, alirekodiwa kule Djugu akiwaita ng'ombe wake saba kwa majina, mwaka mmoja kabla ya kuuawa zizini. Ng'ombe wakachukuliwa, nyumba ikachomwa. Scholastique alikimbia na kompyuta mgongoni, imefungwa kwa kitenge kama mtoto. Kila Jumapili baada ya misa aliketi akamsikiliza humo.

Gauthier alichomeka clé, kijiti cha USB cha kuhifadhia faili, akanakili humo alama ya "Liévin" iliyokuwa kwenye skrini. Kazi ikaisha kabla hajakohoa. Pembeni mwa alama palikuwa na mshale mdogo. Aliuona, akaupita.

"Ameingia?"

"Ameingia."

"Onyesha."

"Maman, mimi si mutoto wa jana!"

Hata hivyo alifungua clé, akabonyeza. Sauti nzito ikajaza chumba: "Mapendo! Dimanche! Nee..."

Gauthier akaikata. "Umesikia? Muzee iko ndani ya clé. Tuendelee, courant ya umeme isituache njiani."

Akafuta diski nzima, akaijaza sifuri toka mwanzo hadi mwisho, ili mfumo mpya ukae mahali safi. Ilimla mchana wote. Saa kumi Linux ikafunguka kwa dakika moja. Scholastique alikuwa ameshavaa kitenge chake cha misa, ameketi mbele ya skrini, mikono magotini.

Gauthier akabonyeza alama. Kimya. Akachomoa clé, akairudisha, mara tatu.

"Polepole," mama akasema. "Labda iko nalala."

Akatazama uzito wa faili: kilobaiti moja, ndogo mno kubeba sauti ya mtu. Mshale ule ulikuwa raccourci, kibao tu cha kuonyesha njia. Asubuhi clé haikuimba; ilielekeza kwenye diski, na diski ndiyo iliyoimba.

"Maman... haiko. Haikuingia. Na kule nimeshafuta."

"Fungua tena."

"Haiko, maman."

Alingoja matusi. Angeyapokea yote, angeshukuru. Scholastique alikuwa akiitazama skrini, mpya, inang'aa, haina kitu.

"Ulimukata kwa ng'ombe ya tatu," akasema. "Alibakia kuita ingine ine."

Gauthier aliinamia kompyuta akabonyeza mshale. Akabonyeza tena. Na tena.

Mkono wa mama ukatua juu ya wake.

"Acha, mutoto yangu. Utaichokesha."