Boti ya Vita ya Nkome

Ng'ombe walikuwa wamekwisha, boti ilikuwa majini, na haikuwa na mwendo. Hiyo ndiyo shida iliyompata Bujiku mwaka hamsini na mbili.

Ng'ombe hao kumi na wawili walitoka kwenye mahari ya binti yake Justa. Kwa desturi ya Wasukuma, ng'ombe wa dada ndio humuoza kaka. Kwa hiyo walikuwa wa Makoye, kaka yake Justa, ambaye alikuwa amekwisha kumchumbia Melania, na baba yake Melania alisema hatangoja kupita mavuno. Lakini mnunuzi wa samaki wa kambi ya mgodi kule Geita akatangaza kwamba chombo kitakachowahi kufika Nkome kutoka kisiwa cha wavuvi siku ya soko ndicho kitakachopewa kazi ya kumletea samaki mwaka mzima. Bujiku akapiga hesabu, akaona ng'ombe kumi na wawili wakigeuzwa boti watazaa ishirini. Aliacha shule darasa lilipomaliza kujumlisha, kabla halijaanza kutoa.

Ujuzi wa boti aliutoa vitani. Miaka mitatu alikuwa Mombasa kwenye karakana ya wanamaji, analala chali chini ya boti ndogo za kivita na kuzikwangua uchafu wa bahari uliogandia tumboni. Nkome nzima hakuna aliyejua matumbo ya boti kama yeye, na hilo hakumficha mtu.

"Za mwanzo zilikuwa nyepesi kama sanduku la chai," aliwaeleza watu huku fundi akiendelea kupigilia misumari boti yake mpya. "Kazi yake moja tu. Inajipenyeza mpaka karibu na meli kubwa, inaachia kombora la majini, inakimbia. Adui naye akaweka boti za kulinda meli zake, basi zikaongezwa bunduki. Nyingine zikapewa mabomu ya kuwindia manowari za chini ya maji. Kila kazi ikiongezeka, boti inarefuka. Mbele kali kama kisu, nyuma bapa kama meza. Ikikimbia inanyanyuka, inateleza juu ya maji."

"Na wewe kombora utamwachia nani?" aliuliza Bartholomeo, ambaye alikuwa na mtumbwi mwembamba wa mbao zilizoshonwa, alioachiwa na baba yake.

"Wewe."

Bujiku naye, kama wale wazungu wa jeshi la maji, hakujua kuacha. Aliongeza benchi. Akaongeza kijukwaa cha mbele, pale panapokaa bunduki, ili kapu la samaki likae kwa heshima.

"Baba Makoye," mkewe Bernadina alimuuliza, "hii itasukumwa na nini?"

"Umbo lake."

"Umbo linajua kupiga makafi?"

"Mama Makoye, wewe boti ya vita uliiona wapi?"

Siku ya soko vyombo viwili viliondoka kisiwani pamoja kabla ya mapambazuko, kila kimoja na watu wanane wa makafi. Boti ya Bujiku haikunyanyuka. Ile nyuma bapa ilivuta maji kama watu wanaoburuta mlango ziwani. Bartholomeo akawafikia, akapunguza mwendo kwa adabu.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba," Bujiku alijibu.

"Nikuachie kamba?"

"Nenda zako, samaki wataoza."

Mtumbwi ulipotea mbele. Makoye, jasho likimtiririka, aligeuka.

"Baba, zile za Mombasa zilisukumwa na nini?"

"Injini."

"Uliziona?"

"Zilikuwa zinatolewa kwanza. Ndipo boti inapandishwa nchi kavu, sisi tunaingia kukwangua."

"Ngapi?"

"Nilisikia tatu. Kubwa, kama za ndege."

Makoye alishika kafi bila kulitia majini. "Kwa hiyo miaka yote mitatu ulikuwa chini yake."

"Chali," alisema Bujiku.

Walipofika Nkome, lori la mgodi lilikuwa limekwisha kuondoka na samaki wa Bartholomeo. Watu walijaa ufukweni, na Bujiku akaona afadhali acheke yeye kwanza.

"Jeshi la maji limewasili," alitangaza. "Lilikuwa linakwangua njiani."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Makoye hakucheka. Alifunga kamba ya boti, akapanda kwenda nyumbani bila kumngoja baba yake.

Gharama ya boti ilikuwa hivi. Mbao za mvule zilikula ng'ombe watano. Fundi kutoka Mwanza, watatu. Misumari, lami na pamba ya kuziba nyufa, wawili. Mmoja alichinjwa siku ya kuishusha boti majini, na Bartholomeo alikula paja. Akabaki ndama mmoja. Baba yake Melania alikataa kuposwa kwa ndama, na baada ya mavuno Melania akaolewa na mtu wa Maganzo. Makoye alikwenda Geita kufanya kazi mgodini, na mwaka ule hakurudi nyumbani.