Mita Mia Nne na Thelathini

Inginia Urrunaga alisema wanajumuiya wamehamisha mawe. Alisema hivyo akiwa amekaa, kikombe cha chai ya majani ya koka mkononi, bila hata kumtazama mama aliyesimama mbele ya meza yake. Mimi niliyekuwa kwenye kompyuta ya pili nilitamani kikombe kile kimmwagikie mapajani.

Mama huyo ni Leocadia Ayquipa, rais wa jumuiya ya Sallcapuquio, huko juu milimani ambako mahindi hayaoti na watu wanaishi kwa viazi na kufuga alpaka kwa ajili ya sufu. Kwa miaka mitatu alikuwa akishuka kuja ofisini kwetu, ofisi ya ramani za ardhi, kuuliza jambo lile lile: kwa nini ramani yetu inaonyesha chemchemi ya Yanañahui iko nje ya mpaka wao. Kampuni ya mgodi iliichukua ramani hiyo ikaizungushia chemchemi waya, na tangu hapo watu wa Sallcapuquio wanateka maji mtoni, mwendo wa saa moja na nusu kushuka, na kupanda ni zaidi. Kesi ilikuwa Alhamisi. Hakimu alikwisha kuziambia pande zote mbili kwamba hataki maneno mengi. Atatazama ramani ya serikali, chemchemi iko ndani au iko nje, basi.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

"Hawa nawajua," Inginia aliniambia mimi, kana kwamba yule mama ni kabati. "Sikukuu ya Karnavali ikifika wanalewa chicha, wanazunguka mpaka na ngoma zao, na kila mwaka jiwe linasogea kidogo."

"Mawe yetu ni thelathini na moja, Inginia," mama Leocadia akasema taratibu. "Babu yangu aliyajua kwa majina na mimi nayajua kwa majina. Kwenye kila jiwe tunawavuta watoto masikio ili wasisahau pahali pake. Sasa niambie wewe, nani kayabeba?"

Inginia akamwambia kompyuta haisemi uongo, halafu akamwita mtu mwingine kwenye foleni.

Nilikasirika. Siyo kwamba mimi ni mtu mpole siku nyingine. Mama yangu mzazi husema nilizaliwa nimekunja ngumi. Lakini hii ilikuwa hasira ya kazi. Miaka saba nimekaa mbele ya ramani zile, na hakuna kinachonichoma kama mtu mwenye cheti ukutani kuifanya kompyuta kuwa shahidi wake ili asiinuke kwenye kiti. Nikamwomba gari nikapime mwenyewe. Akasema gari halina mafuta. Nikamwambia basi naomba ruhusa ya siku moja.

"Nenda, Pocco, ukapunge upepo," akanijibu. "Uniletee jibini."

Jumanne alfajiri nilipanda na mama Leocadia kwenye lori la viazi, na kipimo cha setilaiti kwenye mkoba. Jiwe la kwanza linaitwa Condorsamana. Nikaweka kipimo juu yake, nikasubiri, nikasoma namba, nikalinganisha na zile za ramani yetu. Jiwe lilikuwa mita mia mbili ishirini na tano magharibi ya pale ramani ilipolitaka, na mita mia tatu sabini kusini. Tukatembea hadi la pili, saa nzima kwenye majani makavu, mama yule akitangulia na mimi nikihema nyuma kama ng'ombe mgonjwa. Tofauti ikawa ile ile. La tatu, ile ile, mita kwa mita.

Nilikaa kwenye jiwe la tatu nikacheka kwa hasira. Mwizi wa ardhi husogeza jiwe moja, lile lililo karibu na maji. Hakuna chicha duniani ya kumfanya mlevi abebe mawe thelathini na moja na kuyasogeza yote hatua zile zile, upande ule ule. Kazi nadhifu namna hiyo hufanywa na kompyuta peke yake, na kompyuta hufanya ilichoambiwa.

Nilijua imeambiwa nini. Zamani nchi yetu ilipimwa kwa utaratibu tunaouita Hamsini na Sita. Baadaye zikaja setilaiti na utaratibu mpya, Themanini na Nne. Jiwe halijaondoka, lakini kila utaratibu unalipatia namba zake. Ukizichukua namba za Hamsini na Sita ukaiambia kompyuta ni za Themanini na Nne, haigombani na wewe. Inachora mpaka wako mita mia nne na thelathini kutoka ulipo, kwa mstari mwekundu safi kabisa, na mstari ule ukichapishwa na kupigwa muhuri unakuwa sheria.

Nikamuuliza mama Leocadia kama jumuiya ina ramani yake ya zamani. Akafungua nguo aliyofunga mgongoni, akatoa bomba la bati. Ndani mlikuwa na ramani halisi ya mwaka tisini na nne, imepauka lakini nzima. Na pembeni, chini kabisa, kwa herufi ndogo, mpimaji alikuwa ameandika utaratibu alioutumia: Hamsini na Sita.

"Hii umekuwa nayo siku zote?" nikamuuliza.

"Kila nikija ofisini naibeba. Mnaniambia nakala yenu ndiyo halali."

Nakala yetu haikuwa na maandishi yale. Mashine yetu ya kunakili ni ndogo, na tangu enzi na enzi ofisini tuna desturi ya kukata pembezo za ramani kwa mkasi ili karatasi ienee. Tulikuwa tunasema pembeni hamna kitu.

Jumatano niliingia ofisini mapema nikafungua kila kitu. Jumuiya sitini na moja zilikuwa zimeingizwa pamoja, zote za Hamsini na Sita, zote zimeandikwa Themanini na Nne. Ndiyo maana hakuna aliyegundua. Majirani walihama pamoja, mpaka wa huyu ukiendelea kugusana vizuri na wa yule. Kampuni ya mgodi peke yake ilipimwa miaka ya karibuni kwa setilaiti, ikakaa pale ilipo kweli, na kwa kuwa sisi tulikuwa tumewasukuma watu wa Sallcapuquio kaskazini, chemchemi yao ikabaki nyuma, kwenye mdomo wa kampuni.

Lakini picha ya kutoka angani, ile tunayoiweka chini ya mistari ya mipaka, ingetuumbua zamani. Mto ungeonekana hauendani na mpaka unaoufuata. Nikaichunguza picha, nikakuta mtu ameisukuma kwa mkono. Mia mbili ishirini na tano, mia tatu sabini.

Inginia Urrunaga alipofika nilimuuliza kabla hajavua koti. Hakuona hata haya. Alisema picha ilikuja imekaa vibaya, akaiweka sawa, miaka minne iliyopita. Aliona mto haukubaliani na mstari wetu, akahamisha mto. Wilaya nzima, milima, makanisa, mazizi na makaburi, aliviburuta vyote kwa kidole kwenye kipanya, kisha akaendelea na chai. Nilimwambia mambo ambayo mtu hamwambii bosi wake. Nilimwambia anawaita wenzake walevi na wezi wa mawe, naye ndiye aliyebeba mlima. Wenzangu wakaacha kuandika.

Alivua koti, akalitundika. Halafu akasema kwa utulivu, "Picha nilisogeza mimi, sawa. Na mpaka je, nani aliusajili? Tazama basi, si unapenda kuchunguza?"

Nilikuwa sijatazama. Kompyuta hutunza jina la kila anayeingiza kitu. Nikafungua rekodi ya Sallcapuquio, na jina lilikuwa npocco. Nélida Pocco. Mimi.

Nilikumbuka hata mvua ya siku hiyo. Mwezi wangu wa kwanza kazini, wakaguzi wakija kesho yake, rundo la nakala zilizokatwa pembezo, na kompyuta inauliza: utaratibu gani? Sikujua. Niliona aibu kuuliza. Nikachagua wa juu kwenye orodha, na kwa sababu haikulalamika, nikachagua huo huo kwa zote. Sitini na moja. Saa kumi nikapongezwa kwa wepesi.

Ile hasira yote niliyokuwa nimeirundika kwa ajili ya mtu mwingine haikuwa na pa kwenda, ikanirudia. Na mama yule, miaka mitatu, ni mimi niliyekuwa nampa kikaratasi cha foleni.

Inginia akavuta kiti, akawa mtamu ghafla. Akasema tusahihishe mpaka wa Sallcapuquio leo leo, na kwenye ripoti ya hakimu tuandike hitilafu ya mfumo.

"Mfumo haufukuzwi kazi, Pocco. Mfumo hauna watoto."

"Mfumo haukukosea kitu," nikamjibu. "Uliuliza vizuri kabisa. Mimi ndiye niliyejibu uongo, na wewe ukausaidia."

Niliandika ripoti ya kurasa mbili: namba za mawe matatu, pembezo zilizokatwa, picha iliyosukumwa na nani, mpaka uliosajiliwa na nani. Alikataa kuisaini. Niliisaini peke yangu.

Alhamisi hakimu aliisoma akiwa amevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Wakili wa kampuni akataka kujua nani anathibitisha kwamba kosa hili ni la kweli na halikutungwa jana. Nikasimama nikasema nathibitisha mimi, kwa sababu nililifanya mimi, kwa jumuiya sitini na moja. Hakimu akaomba ramani ya mwaka tisini na nne, akasoma pembezo kwa kidole. Saa sita kasoro alitoa uamuzi: chemchemi iko ndani ya Sallcapuquio, waya utolewe ndani ya siku tano.

Watu wa jumuiya walikumbatiana kwenye ngazi za mahakama. Mimi nilisimama kando, nikingoja sijui nini. Labda nilitaka nitukanwe. Mama Leocadia akaja, bomba la bati likiwa limefungwa tena mgongoni.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Ni mimi, mama."

"Mkwe wangu mimba iliharibika kwenye ile njia ya mtoni. Alikuwa na ndoo mgongoni."

Akaangalia uwanja, akaangalia viatu vyangu vyenye tope la Jumanne, ambavyo sikuwa nimevisafisha.

"Umesema jumuiya sitini na moja. Sisi ni moja. Wale sitini wameambiwa?"

"Bado."

"Wana kesi?"

"Wengine wanazo. Sijui ni wangapi."

"Hujui." Alilitamka neno lile bila kupandisha sauti. Kisha akanishika sikio, pale pale mbele ya mahakama, mimi mwanamke wa miaka thelathini na mbili, akalivuta hadi machozi yakanitoka. "Sasa hutasahau. Nenda ukawaambie."