Binti wa Mwezi Mmoja

Katika nyumba ya kulelea wazee, Bibi Cheko hakuwa na mali ila Jumapili. Siku hiyo bintiye, fundi cherehani asiye na siku nyingine ya kupumzika, huja kumkata kucha. Si kwamba walezi hawakuwa na wembe. Kucha za mama haachiwi mtu baki, ndivyo binti alivyosema, na bibi alilipenda neno hilo kuliko chakula.

Ndipo akaja mgeni kutoka ng'ambo, msichana wa kujitolea mwezi mmoja. Msimamizi aliwakusanya wazee mapema.

"Mchekeeni, wazee wangu. Mgeni akifurahi, hata blanketi hupatikana."

"Nami nisiye na meno nicheke na nini?" akauliza bibi. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Basi mgeni akapewa yeye amhudumie.

Na msichana hakuwa na baya. Alimfuta miguu, akamwimbia, akajifunza salamu. Jumapili ya pili akatoa kikata kucha chake, akashika kidole gumba. Bibi alitaka kuurudisha mkono, lakini mgeni hafukuzwi, na msimamizi alikuwa keshasimama pale akipiga picha.

"Bibi, huyu nani wako?" akauliza msimamizi.

"Huyu ndiye binti yangu sasa," akajibu kwa madaha. "Yule wa zamani kachakaa!"

Wakacheka wote. Bibi alipoinua macho, bintiye alikuwa mlangoni, jasho likimtiririka, kikapu mkononi.

"Mwanangu, karibu! Nilikuwa natania..."

"Endeleeni tu, mama. Mkono mmoja umeshakwisha."

Akatua kikapu, akaondoka.

Mwezi ulipokwisha msichana alilia langoni, akapunga mkono hadi gari likapotea. Jumapili zikaja, zikapita kavu. Bibi akambembeleza mlezi apige simu na kuweka sauti wazi.

"Dada, mama anakuulizia."

"Amuulizie bintiye."

"Yule kashaondoka."

"Basi aletewe mwingine. Si ndivyo mnavyofanya?"

Bibi akaivuta simu. "Mwanangu, nilikuwa namfurahisha mgeni tu."

Cherehani ikasikika ikikimbia, ikasimama.

"Na mimi ungenifurahisha lini, mama? Mpaka niwe mgeni?"

Simu ikakatika.

"Piga tena," bibi akasema.

"Amezima, bibi."

"Basi kesho mwambie nimekufa. Kuzika, atakuja."

"Haya, bibi," mlezi akasema, kama alivyoitikia kila kitu, akaenda kupakua chakula.