Tamthilia ya Kumtafutia Dada Yusta

Jana Jumapili, baada ya ibada na chakula cha mchana, nilijilaza kwenye kochi na nikaota kwamba nimeitwa kujieleza mbele ya Baraza la Wapendekezaji wa Tamthilia za Kikorea. Naieleza ndoto hiyo kama ilivyokuwa. Sijaongeza kitu.

Kwanza niseme kilichonifikisha huko. Naitwa Lustika Mgaya. Nafuma masweta ya shule kwa mashine hapa Njombe, na kwenye meza ya kazi nina televisheni ndogo. Mikono iko kwenye sweta, macho yako Seoul. Kwa miaka tisa wanawake wa mtaa wetu wamekuwa wakija kuniuliza watazame nini, nami nawaambia. Nimewahi kukosea mara moja tu. Jirani yangu Mama Skola nilimpa ile ambayo mwanaume anaugua na kufariki katika sehemu ya kumi na sita, harusi ikiwa keshokutwa. Hakunisalimia kwa wiki mbili. Siku aliponisalimia alisema, "Ungeniambia mapema niandae leso."

Sasa, Ijumaa alikuja dada Yusta. Yeye ndiye kifungua mimba wa nyumba yetu, mimi ni kitinda mimba. Ana miaka hamsini na sita. Hakuolewa, alibaki nyumbani kumuuguza mama kwa miaka kumi na minne, na mama tulimzika mwezi Machi. Dada ni mtu asiyeomba kitu. Hata chumvi ikiwa upande wa pili wa meza, husimama akazunguka kuichukua.

Ijumaa alisimama mlangoni pangu, hakukaa. Akashika mkono wa sweta lililokuwa kwenye mashine, akaukagua kama anataka kuununua, kisha akauliza huku akiangalia barabarani, "Hivi hizi tamthilia zenu za mapenzi, za hao Wakorea, mtu anaanza na ipi?"

Nilitaka kuruka. Nikajizuia.

"Nipe mpaka Jumapili jioni, dada."

"Wala si lazima," akasema, akaondoka.

Siku mbili nilifuma ovyo. Sweta moja lilitoka na mkono mrefu kuliko mwenzake. Nilijua kwamba nikikosea hii, dada hataniuliza kitu kingine mpaka tuzikane.

Ndipo nikalala.

Baraza linaketi katika uwanja wa ndege ambao pia ni karakana yangu. Mwenyekiti ni Rimoti. Ana kimo cha mtu mzima, na amefungwa mpira kiunoni kwa sababu mfuniko wa betri zake ulipotea. Katibu ni Mwavuli wa njano, anaandika kumbukumbu za kikao huku akitiririsha maji.

"Lustika Mgaya," anasema Rimoti. "Unapendekeza kwa kanuni gani?"

"Namwangalia mtu, kisha namwambia."

"Hiyo si kanuni. Katibu, andika hana kanuni."

"Nimeandika," anasema Mwavuli. "Imelowa."

Rimoti ananisomea kifungu. Mpendekezaji atakaa ndani ya tamthilia aliyoipendekeza, yeye mwenyewe, mpaka mlengwa atamke kwamba inafaa. Nauliza mlengwa yuko wapi. Wananionyesha ule mkanda wa kuzungusha mizigo ya abiria. Dada Yusta amekaa juu yake, kwenye kiti cha mama, pochi mapajani, katikati ya mabegi na magunia mawili ya viazi. Anakuja taratibu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," anasema, anapita.

Nasubiri azunguke ili tuendelee. Ni hapo ninapoona kwamba chini ya kifua chake kuna maandishi meupe, yale yale yanayotafsiri maneno kwenye tamthilia. Amesema "marahaba", lakini maandishi yanasema: *Umekonda, hawa watoto wanakumaliza.*

Nikaona ni jambo la kawaida. Nikapendekeza ya kwanza.

"Mrithi wa maduka makubwa na binti mshona vifungo," nikasema. "Kila mtu huanza na hiyo."

Rimoti anajibonyeza tumboni.

Niko kwenye chumba cha vioo. Kijana mrefu mwenye koti refu ananishika kifundo cha mkono. Kwa kanuni za mule, ukishashikwa hapo ni lazima uvutwe mpaka nje. Ananivuta. Nje kuna chumba kingine. Anabonyeza lifti, ananivuta nje ya hicho nacho. Tunatoka nje mara saba, na mara ya saba tunatokea sokoni Njombe, kwenye kabichi.

"Mwanangu, una miaka mingapi?" namuuliza.

"Ishirini na saba."

"Mimi nina arobaini na nne. Nina watoto watatu, na mume wangu anafundisha Makete."

"Hilo litafafanuliwa sehemu ya sita," anasema kwa heshima. Haniachii.

Mama yake anatokea nyuma ya mizani, amevaa lulu, ameshika glasi ya maji.

"Kamwene," ananisalimia Kibena safi, halafu ananimwagia usoni.

Maji yale nilimwagiwa mara tatu, kwa sababu yalionyeshwa kutoka pande tatu. Mara ya kwanza kutoka mbele. Mara ya pili kutoka kushoto. Mara ya tatu yalikuja polepole mno, hata nikapata muda wa kufumba macho, kuyafumbua nione yamefika wapi, na kuyafumba tena. Muuza kabichi alilia. Mwanamke aliyekuwa akiimba wimbo wa tamthilia, ambaye sikumwona, alipandisha sauti.

Mkanda wa mizigo sasa unapita sokoni. Dada anakuja na kiti chake.

"Hawa hawana kazi za kufanya?" anauliza.

Maandishi: *Mimi niliwahi kuwa na miaka ishirini na saba. Sikumbuki ilipita siku gani.*

"Haijafaa," anaandika Mwavuli.

Hapo niliharakisha, na ndilo kosa langu. Nikasema, "Basi ile ya daktari na mke wake aliyepoteza kumbukumbu. Ina machozi, lakini mwisho wake..."

Sikumaliza. Mule ndani kusema mwisho wa hadithi ni kosa, na kila ukijaribu mdomo unatoa mlio wa simu.

Niko wodini. Daktari mzuri wa sura amesimama dirishani, amenipa mgongo, anaumia. Mlango wa wodi unafunguka na linaingia lori jeupe, taa ya kukata kona ikiwakawaka. Linasimama kitandani pangu.

"Samahani, dada," linasema. "Sehemu ya kumi na mbili ni lazima mtu agongwe."

"Na ni mimi?"

"Jina lako ndilo lililoandikwa. Nitajitahidi."

Kweli lilijitahidi. Lilinigonga kama mtu anayebisha hodi. Nikasahau kila kitu: jina langu, mume wangu, Makete yenyewe. Nilichokumbuka ni kufuma tu. Daktari ananishika mkono ananiita kwa sauti ya kukatika, nami namuuliza kwa adabu kama anataka shingo ya V au ya duara.

Mkanda unaingia wodini. Dada anapita karibu kabisa na kitanda.

"Huyu ana nini?"

"Amesahau watu wake wote," linasema lori, limeinamisha taa.

Dada ananitazama. Mkono wake unakaza pochi.

"Nzuri," anasema. "Inafaa tu."

Rimoti anapiga makofi. Mwavuli anatafuta ukurasa mkavu wa kuandika kwamba imefaa. Lakini mimi nimeona maandishi. *Mama alisahau jina langu miaka mitatu kabla hajafa. Aliniita nesi. Usinionyeshe hii.*

Kumbukumbu zangu zote zikarudi kwa mpigo, na aibu juu yake. Nilikuwepo wakati ule. Nilikuwa nakwenda kila Jumamosi kumwona mama, ananiita Lustika, nafurahi, narudi kwangu.

"Zima," nikamwambia Rimoti.

"Mlengwa ametamka kwamba inafaa."

"Soma hapo chini."

Rimoti akainama akasoma. Betri moja ikamchomoka, ikabingirika mpaka chini ya kitanda. Hakuiokota.

"Baraza huwa halisomi chini," akasema mwishowe. "Ni upungufu."

Lori lilirudi nyuma, likatoka bila kugusa chochote.

Sikuomba ruhusa ya mtu. Nilishuka kitandani na gauni lile la wodini, nikapanda kwenye mkanda, nikasogeza gunia moja la viazi, nikakaa pembeni ya kiti cha mama. Tukaenda. Tulipita uwanja wa ndege, tukapita sokoni, tukapita kanisani kwetu. Mchungaji alitupungia mkono akaendelea na matangazo.

"Dada," nikasema, "wewe mwenyewe unataka kuona nini?"

"Chochote tu, mdogo wangu."

Nikatazama chini. Hapakuwa na kitu. Tukazunguka tena. Kwa uwanja wa ndege, kwa kabichi, kwa mchungaji. Sikumhimiza. Mzunguko wa tatu herufi zikaanza kutokea moja moja, kama zinazoandikwa na mtu asiyezoea kuandika.

*Nakula peke yangu tangu Machi.*

Sikumwambia kwamba nimesoma. Nilimwita Rimoti, akaja akikimbia kando ya mkanda, ameshika mpira wake kiunoni.

"Ninayo," nikamwambia. "Haina mrithi wala lori. Kuna mwanamke wa makamo ana mgahawa wa meza nne karibu na stesheni ya treni milimani. Kila sehemu mtu anaingia na shida zake, anapewa chakula, anakula. Mkuu wa stesheni anampenda yule mama, lakini mpaka sehemu ya kumi na moja hajamgusa hata mkono, na siku anapougusa ni kwa sababu anapokea kijiko."

"Na mwisho wake?"

"Siruhusiwi kusema."

"Umejibu vyema," anasema Rimoti, na kwa mara ya kwanza naona ana haya kidogo. Anajibonyeza.

Mkanda unasimama. Dada anashuka mwenyewe.

Tuko mgahawani. Nje ni milima ya Njombe, miti ya mbao imesimama mistari, na theluji inaanguka. Si theluji, ni nyuzi zangu nyeupe, zinashuka kimya zinajaa kwenye reli. Mkuu wa stesheni anatuwekea sufuria ya tambi katikati ya meza, inachemka bado, anavua kofia, anaondoka. Hashiki mtu mkono. Hakuna anayeimba.

Dada Yusta anafunua sufuria, anaugeuza mfuniko kuwa sahani, kama vile ameishi huko miaka yote. Ananisogezea upande wenye yai.

"Zina moto," anasema. "Subiri zipoe."

Mimi nasikia njaa ya siku mbili. Nachota, natia mdomoni.

Machozi yananitoka. Naruka pale kwenye kiti, napepea mdomo kwa mikono miwili, na mkuu wa stesheni anachungulia dirishani kuona kama nimepewa habari mbaya. Dada ananitazama. Halafu anacheka. Anacheka mdomo wazi, pengo la jino la nyuma likionekana, anapiga meza kwa kiganja, mpaka tambi zinatikisika.

Nikatazama chini haraka nisome.

Hapakuwa na maandishi. Alikuwa anacheka tu.

Nikaamka. Jua la saa kumi lilikuwa dirishani, na mlangoni kulikuwa na hodi.

Alikuwa dada Yusta, na mfuko wa mahindi mabichi aliosema ulikuwa unamjazia nafasi tu nyumbani. Nilimsalimu, nikamkaribisha, na nilipomwambia akae, akakaa. Aliliona lile sweta lenye mkono mrefu, akalivuta mapajani, akaanza kulifumua bila kuulizwa. Nikaweka chai.

"Nimekupatia tamthilia," nikasema. "Ya mama mwenye mgahawa. Sehemu kumi na sita. Ila ina sharti lake."

"Sharti gani tena?"

"Haitazamwi na mtu mmoja, na haitazamwi na njaa. Kila Jumatano na kila Jumapili unakuja hapa, tunakula, ndipo tunawasha."

"Mimi sipendi kusumbua watu."

Chini ya kifua chake palikuwa na vifungo vya sweta lake la bluu, basi. Lakini nilikuwa nimekwisha kujifunza kusubiri. Alifumua mistari miwili, akakunja uzi kwenye vidole.

"Jumatano nitapika mimi," akasema. "Wewe maharage yako huwa hayaivi."

"Sawa, dada."

Nikachukua kikombe changu, nikanywa, nikakirudisha mezani kwa kishindo. Chai ilikuwa vuguvugu, lakini ilinichoma kama pilipili. Nilikwenda kwenye kioo cha ukutani nikatoa ulimi. Ncha yote ilikuwa nyekundu, na pembeni palikuwa na lengelenge jipya, bichi.

"Una nini?" akauliza dada.

"Ulimi umeungua."

Hakuinua kichwa. Alivuta uzi, akaendelea kuuzungusha.

"Nilikwambia usubiri zipoe," akasema.