Kamera ya Shabaha ya Nne

Risasi ya kwanza ilipotoka, moshi mweupe wa baruti uliwafunika wote wawili. Arlys, jicho likiwa kwenye darubini, akasema kwa sauti ileile aliyoitumia kwa miaka thelathini na mmoja: "Kushoto. Shibri moja nje ya weusi, chini kidogo."

Mpigaji alikuwa mume wake, Verlyn Haugstad. Aliinamia tableti iliyoegemezwa kwenye sanduku la risasi. Yadi elfu moja kutoka pale walipokaa, chini ya ukingo wa udongo, kamera ilikuwa ikiitazama karatasi ya shabaha namba nne, yenye duara jeusi katikati, na kumletea sura yake hadi magotini. Shimo lilikuwa kulia. Kulia, tena juu.

"Una hakika?" akauliza.

"Tope la ukingo limeruka kushoto, mzee. Nimeliona kama ninavyokuona wewe."

Verlyn akaitazama tena tableti. Hilo ndilo jambo aliloogopa kulisikia.

Tangu Krismasi Arlys alikuwa ameunguza sufuria mbili, na siku moja alimwita Verlyn kwa jina la kaka yake mwenyewe aliyekwisha kufa. Dada mkubwa wa Arlys, Lavonne, alianza hivyohivyo. Sasa yuko kwenye nyumba ya wazee katika mji wa Miles City, na kila Jumapili huwaambia kuna farasi chumbani mwake. Binti yao Janelle, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyeileta ile kamera. Alimvuta baba yake nyuma ya zizi akamwambia: "Usibishane naye, baba. Yeye aseme anachokiona, wewe angalia kwenye kioo cha tableti. Vikipishana, tutajua, na tutampeleka kwa daktari." Kwa hiyo Arlys aliambiwa wanakwenda kufanya mazoezi ya mashindano ya Juni. Kumbe mume wake alikuwa amekuja kumpima, na aibu ya jambo hilo ilimkaa shingoni tangu alfajiri.

Ningependa kusema alikuwa na shaka kidogo na chombo chenyewe. Hakuwa nayo. Verlyn aliiamini bunduki ya babu yake, iliyotengenezwa mwaka 1878, kwa sababu aliijua kila skrubu. Tableti aliiamini kwa sababu hakuijua hata skrubu moja.

Akageuza skrubu ya kilengeo cha nyuma kufuata kioo, si kufuata mke wake. Akachomeka mrija nyuma ya mtutu, akapuliza pumzi tatu ndefu kulainisha masizi, akatia risasi ya pili, akatulia akingoja upepo. Pale bondeni upepo huvuma kwa vipindi, na kila mpigaji anayejua kazi yake hungoja ulegee. Kwenye kituo cha sita, hatua chache upande wa kulia, Duane Kjos naye alikuwa akingoja. Duane alikuja peke yake kama kawaida yake, pamba masikioni, hasemi na mtu. Vitambaa vilivyotundikwa kuonyesha upepo vikalegea. Bunduki zote mbili zikalia karibu pamoja.

"Kushoto zaidi," alisema Arlys. "Umegeuza nini wewe? Nimekwambia kushoto, umeongeza kushoto!"

Kwenye kioo, shimo la pili lilitokea pembeni tu ya lile la kwanza. Kulia, juu. Kana kwamba hakugeuza kitu.

Verlyn alikuna kichwa chini ya kofia. Akageuza tena. Risasi ya tatu: Arlys akasema kushoto karibu na ukingo wa ubao, kioo kikasema katikati ya weusi, shimo safi kabisa. Angepaswa kufurahi. Badala yake alikaa akimtazama mke wake, mashavu yake yaliyopigwa na baridi, penseli yake iliyotafunwa, lile daftari alilochora duara la shabaha na kutia nukta kwa kila risasi. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Mtu aliyechanganyikiwa huchora nukta nadhifu hivyo?

Baada ya risasi ya nne mambo yakazidi kuwa ya ajabu. Verlyn alikuwa angali anapuliza mrija, bunduki haina kitu, shimo la tano likaota kwenye kioo. Akaondoa mrija mdomoni.

"Umepiga mara ngapi?" aliuliza Arlys, ambaye sasa alikuwa amejongea akachungulia.

"Nne."

"Mashimo ni matano. Mmoja wetu hajui kuhesabu, mzee, na mimi ndiye niliyewafundisha hesabu watoto wa wilaya hii."

"Picha huchelewa," alisema Verlyn. "Janelle alisema inaweza kuchelewa."

"Kuchelewa ni shimo lije nyuma ya risasi. Hili limekuja mbele. Huko si kuchelewa, huo ni uchawi."

Alisema kwa kucheka, na kama Verlyn angecheka naye siku ingekwenda njia nyingine. Lakini alikuwa amechoka kwa hofu. Akasema maneno ambayo hakuwa amekusudia kuyasema. "Kioo hakina umri, Arlys. Kinaona kilichopo. Wewe unaniambia kushoto tangu asubuhi, na hakuna shimo hata moja upande wa kushoto. Hata moja. Tazama mwenyewe."

Arlys akatazama. Alitazama kwa muda mrefu, midomo imebanwa, kisha akarudi kwenye kiti chake cha turubai.

Risasi ya tano na ya sita alisema tena kushoto, lakini kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi. Kioo kikakataa mara zote mbili. Ya saba ikatoka. Kisha Verlyn akamwona, kwa pembe ya jicho, akiinua uso kutoka kwenye darubini na kuchungulia kioo kabla ya kufungua mdomo.

"Kulia," alisema. "Kulia, ndani ya weusi."

Na kweli lilikuwa kulia, ndani ya weusi.

"Ehee!" Verlyn alipiga paja. "Sasa unaona! Ilikuwa miwani tu, au mvuke wa joto. Nilijua tu!" Alijawa na furaha hata akamega kipande cha soseji ya paa akampa, na Arlys akakipokea, akakishika mkononi bila kukila. Ya nane, juu kidogo. Ya tisa, katikati. Ya kumi, chini kulia. Kila alichosema kililingana na kioo, na kila mara Verlyn alishusha pumzi kama mtu anayetua mzigo. Alikwishaanza kupanga atakavyompigia Janelle simu jioni: mama yako mzima, alihitaji kuzoesha macho tu. Kwamba mke wake alikuwa akisoma kioo, aliliona kabisa, na akalifukuza kichwani kama inzi.

Walipomaliza, Duane Kjos alikuwa amekwisha kuelekea kwenye shabaha kwa gari lake. Verlyn akachukua daftari la Arlys, kwa kuwa wapigaji wa kule huzipeleka nukta mbele ya mashimo na kuzilinganisha, akapanda pikapu.

"Twende," alisema.

"Nenda tu. Miguu imekufa ganzi."

Njia ya mbele ilikuwa imeanza kukauka. Asubuhi ilikuwa tope tupu kwa mvua ya usiku, ndiyo maana Verlyn alikwenda kuweka kamera peke yake kwa kupitia barabara ya nyuma ya ukingo. Sasa alipofika alimkuta Duane amesimama mbele ya shabaha yake, mikono kiunoni.

"Nani kaniwekea jicho hili hapa?" Duane alipayuka, maana pamba zilikuwa bado masikioni. Kwenye nyasi mbele ya karatasi yake ilisimama kamera ya Verlyn na antena yake. "Nimekuwa nikipiga kwa adabu asubuhi nzima kumbe napigwa picha?"

"Hiyo ni namba nne," alisema Verlyn.

"Nne? Bwana wee, hii ni sita. Nne ni ile pale."

Vibao vya namba vilikuwa vimeshushwa wiki ile vikapakwe rangi. Kwa hiyo asubuhi Verlyn alisimama juu ya ukingo, mbele yake migongo ya mbao tisa, akahesabu kutoka kushoto kama alivyohesabu maisha yake yote: moja, mbili, tatu, nne. Lakini maisha yake yote alihesabu akiwa upande wa wapigaji. Ukizitazama kwa nyuma, ya nne kutoka kushoto ni ya sita. Halafu akashuka, akazunguka mbele na kamera, na hakufikiri tena.

Alimsikia Duane akicheka, akimwambia basi walau amesahihisha kilengeo chake kwa risasi za mtu anayejua kupiga. Alitembea hadi kwenye shabaha ya nne akafungua daftari.

Nukta ya kwanza: kushoto, shibri moja nje ya weusi, chini kidogo. Shimo lilikuwepo, akaweza kuliziba kwa kidole. Ya pili, kushoto zaidi. Ipo. Ya tatu, karibu na ukingo wa ubao. Ipo. Ya nne, ya tano, ya sita, zote zilikaa palepale Arlys alipoziweka. Furaha ikamjaa, ikadumu kama dakika moja hivi.

Maana alifika ya saba. Ile ya "kulia, ndani ya weusi." Kwenye daftari nukta ya saba haikuwa kulia. Arlys alikuwa ameichora kushoto, kwenye kona ya chini, na shimo lilikuwa hukohuko. Ya nane na ya tisa alizichora nje ya ubao kabisa. Verlyn akaenda kwenye ukingo akaitafuta mifereji miwili kwenye tope, akaikuta. Mdomo ulikuwa umemwambia kingine, mkono ukaandika kweli.

Nukta ya kumi haikuwepo. Aligeuza ukurasa, akarudisha. Haikuwepo popote.

Alirudi taratibu kwenye pikapu, hata hakuikumbuka kamera, akaendesha hadi kwenye kituo chao. Arlys alikuwa ameshakunja kiti na kuifunga darubini kwenye mfuko wake.

"Niliiweka mbele ya shabaha ya Duane," alisema Verlyn. Hakujua aanzie wapi, akaanzia hapo. "Uliona sawasawa, Arlys. Zote. Mimi ndiye punguani."

Alidhani atafurahi, au atamtukana. Arlys aliitikia kwa kichwa tu.

"Kwa nini uliniambia kulia?"

"Kwa sababu ulikuwa unanipima." Alikuwa akifunga kamba ya mfuko. "Usinitazame hivyo. Janelle hajui kunong'ona, na wewe hujui kuficha. Siku zote ukipiga unatazama shabaha. Leo ulikuwa unanitazama mimi. Nikajiambia, basi nimwambie anachotaka, labda hawatanipeleka alipo Lavonne." Akakaza fundo. "Na mwisho sikujua tena, Verlyn. Naona kushoto, chombo kinasema kulia, mume wangu anasema kulia. Nikaanza kuamini ni mimi."

Verlyn alitaka kumshika mkono. Mkono wake ulikuwa mweusi kwa masizi, akaufuta kwenye suruali, akaufuta tena, na haukutakata. Mwishowe akafungua daftari akamwonyesha ukurasa.

"Ya kumi hukuiandika," alisema. "Ilikwenda wapi?"

"Sijui," alisema Arlys. "Nilikuwa nalia."