Mwanamke Mwenye Swichi

Mdogo wangu hakai. Mama alimwita Hatulii tangu anatambaa, na jina alilopewa siku ya kuzaliwa likasahaulika. Akila anasimama, akisimama anachezesha goti, akilala anapiga ukuta mateke. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu ni kukaa, na hasira zangu ziko karibu. Kwa hiyo unaweza kujua tuliishije chini ya paa moja. Lakini malori ya mchanga yalipoanza kuja, hata mimi nilishindwa kukaa. Nilikuwa nashona mshono mmoja, nakwenda mlangoni, narudi, nafumua nilichoshona.

Yalikuja alfajiri, na ngurumo zake zilitikisa mkasi juu ya meza yangu. Wachimbaji walishuka mtoni na makoleo, wakajaza, wakaondoka. Mto wetu si mkubwa. Mchanga wake ndio unaoshika maji mvua zikikata, na kisima chetu, kimoja kwa kijiji kizima, kiko pale pale ukingoni. Kadiri mchanga ulivyoondoka, maji yalishuka. Tuliongeza kamba, tukaongeza tena, na bado ndoo ikawa inarudi na tope. Choo cha jirani kiliporomokea mtoni mchana kweupe. Hakukuwa na mtu ndani, ingawa jirani alituapia kwamba alikuwa njiani kwenda. Kisima kikikauka tunahama wote, na hakuna aliyependa kulitamka hilo.

Msimamizi wa malori tulimwita Buti, kwa ajili ya mabuti yake ya mpira yaliyomfika magotini. Serikali ilikwisha kupiga marufuku uchimbaji ule, naye alijua. Mkaguzi wa mito, kijana wa miwani mwenye gari bovu, alikuwa amekuja zaidi ya mara moja akakuta alama za matairi tu. Kila gari lake lilipopita njia panda kulikuwa na mtu wa kupiga simu, na Buti akatoweka na malori yake. Mkaguzi alituambia wazi kwamba lazima amkute mtu na lori mtoni, kwa macho yake mwenyewe, la sivyo hana kesi.

"Basi tutamshika mpaka ufike," alisema mdogo wangu.

Wengine walicheka, kisha wakakumbuka anayesema ni nani.

Hatulii ni mwalimu wa judo. Alijifunza kwenye kiwanda cha sabuni alikokuwa mlinzi. Kiwanda kilikuwa na klabu, na haikuchukua muda akawa anawapiga mwereka wanaume wa zamu zote. Kiwanda kilipofungwa alirudi nyumbani na gwanda moja jeupe na mkanda mweusi, akaomba ghala la zamani la ushirika, akanigeuza mimi fundi wa magodoro. Nilishona magunia, tukayajaza vumbi la mbao, tukatandika turubai juu. Wanafunzi wake wengi walikuwa wanawake: muuza mkaa, mkunga, mabinti wa mashine ya kusaga. Magwanda yao pia nilishona mimi, kwa mifuko ya unga, ndiyo maana mkunga wetu ameandikwa "Daraja la Kwanza" makalioni.

Halafu akaja Fundi Paa. Alikuja kuziba bati moja la ghala, kazi ya asubuhi moja, ikamchukua wiki tatu. Akimaliza bati hili anagundua lile. Siku moja akateremka akamwambia mdogo wangu kwamba aliwahi kuanguka kutoka juu ya paa la shule, na tangu siku hiyo miguu inamtetemeka akipanda ngazi. Aliomba afundishwe kuanguka. Watu wote huja kujifunza kuangusha, huyu akaja kujifunza kuanguka, nami nikamwona mvivu anayetafuta mahali pa kulala. Aliangushwa jioni baada ya jioni, akiinuka anacheka, vumbi la mbao masikioni. Akaanza kuniita shemeji.

"Shemeji wa nani?" nilimuuliza.

"Bado sijajua," alisema. "Ila nafanya mazoezi."

Nilimpa mgongo ili asione kwamba nimecheka. Na niliona kitu kingine: mdogo wangu alipokuwa akimfundisha, goti lake halikucheza.

Siku tuliyopanga, mkaguzi alipokaribia njia panda, simu ililia mtoni kama kawaida, na Buti akaamuru malori yaondoke. Lakini wanawake walikuwa wamekwisha kukaa chini kwenye njia, mmoja baada ya mwingine, wamelegea kama nguo mbichi, jinsi walivyofundishwa. Ukimnyanyua mmoja anakumwagikia. Madereva wakazima injini, maana hakuna aliyetaka kesi ya kumkanyaga mkunga. Buti akashuka na koleo, anatukana. Mdogo wangu akamwacha aje. Alipofika karibu alimpiga ngwala moja tu, mtu chali, na kabla hajajua yuko wapi mkono wake ulikuwa umenyooshwa na kubanwa kati ya mapaja ya Hatulii, kiwiko kikitazama pasipotakiwa kutazama.

Kilichobaki kilikuwa kusubiri. Tulishaanza kusikia gari bovu la mkaguzi likikohoa kwa mbali. Buti akawa anapapasa kwa mkono wa pili, labda analitafuta koleo, akapiga ardhi. Pa, pa. Na mdogo wangu akamwachia.

Nilikuwa pale, niliona. Hakuponyokwa, aliachia. Mikono ilifunguka yenyewe, na yeye mwenyewe akabaki ameduwaa. Buti alitoka mbio, mguu niponye, akaingia ndani ya lori, akalipitisha katikati ya mahindi ya watu, na malori mengine yakafuata njia ile ile. Fundi Paa alidandia mlango ili achomoe ufunguo. Lori lilipokata kona alianguka, na baada ya mafunzo yote yale alianguka kama gunia la viazi, akavunjika mkono wa kulia. Mkaguzi alifika akakuta alama za matairi, mahindi yaliyolala, na mtu mmoja anayesaga meno kwa maumivu.

Jioni ile wanafunzi wake walielewa. Kwenye judo, kabla hujafundishwa kuanguka, kabla hujafundishwa hata kusimama, unafundishwa hili: mwenzako akipiga chini mara mbili, amechoka au ameumia, unaachia hapo hapo. Huulizi, hufikiri. Bila hilo hakuna mtu ambaye angekubali kulala chini ya mikono ya mwenzake. Hatulii alikuwa ameachia hivyo maisha yake yote ya ukubwani, maelfu ya mara. Mwili wake ulisikia pa, pa, ukatii.

Lakini kijiji hakikujua judo. Kijiji kilijua kwamba Buti alishikwa na akaachiwa. Kisimani watu walimpa mgongo alipofika na ndoo. Mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba pengine alipakwa mafuta, yaani kahongwa, na mimi nikamwambia mtu huyo maneno ambayo siyarudii hapa. Mdogo wangu aliamka kabla ya jogoo, akafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, akaenda ukingoni, akarudi, akaenda tena. Nikisikia miguu yake nashindwa kutunga uzi.

Mbaya zaidi, habari zilimfikia Buti. Madereva wake walikunywa chai kwetu na masikio wanayo. Akarudi na malori mengi kuliko mwanzo, akakaa kibandani kwa muuza chai, akawaambia watu: "Kumbe yule mwanamke wenu ana swichi. Unapiga chini mara mbili, anazimika."

Watu walicheka, wa kwetu pia. Hilo ndilo lililomuuma mdogo wangu.

Fundi Paa alikuwa akija nyumbani na mkono wake kwenye plasta, anakaa kizingitini. Mdogo wangu hakutaka kumtazama. Siku moja nikamsikia akimwambia aende, kwamba mkono ule ni kosa lake yeye. Fundi alijibu taratibu kwamba mkono ni wake na aliuvunja mwenyewe.

"Mimi nimelala chini yako miezi mitatu," aliongeza. "Unafikiri ningelala kama usingekuwa mtu wa kuachia?"

Hatulii alitoka nje kwa haraka. Nilimkuta nyuma ya nyumba, anafua shuka safi.

Mkaguzi alikubali kuja mara ya mwisho, safari hii nyuma ya pikipiki ya muuza samaki, kofia usoni. Mtu wa njia panda hakumtambua, ila mwingine alimtambua darajani, na simu ikalia mtoni. Wanawake wakakaa njiani. Buti alishuka hana hata koleo, anatabasamu. Nadhani alikuwa anautaka ule mchezo mbele ya watu wake. Akamwendea mdogo wangu mikono wazi, akapigwa mwereka, akabanwa mkono ule ule, akacheka kwa sauti, akapiga ardhi. Pa, pa.

Hatulii hakuachia.

Akapiga tena, na kicheko kikapungua. Akapiga tena na tena, kofi juu ya kofi, mavumbi yakiruka, na safari hii haukuwa mchezo. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alipiga kama anayegonga mlango wa nyumba inayowaka. Nilimtazama mdogo wangu, alikuwa amefumba macho. Pikipiki ilisikika kwenye kona. Buti akajipindua ili atoke, au mdogo wangu ndiye aliyebana zaidi. Mimi nilikuwa karibu nao na mpaka leo sijui. Kiwiko kilitoa sauti, na mkunga, ambaye amesikia mengi, alifunika mdomo.

Mkaguzi alikuta kila alichotaka: lori limejaa, mashahidi, mtu chini. Malori yalikamatwa na hayajarudi. Mvua zilipokuja mto ulianza kulaza mchanga upya, na kisima kikapanda kidogo kidogo mpaka tukapunguza kamba. Watu walileta mayai na kuku mlangoni kwetu. Aliyesema habari ya kupakwa mafuta alileta jogoo, nikampokea bila kumkaribisha ndani.

Hatulii alifunga ghala. Wanawake walipomfuata, wamevaa magwanda yao ya unga, wakamwomba wafundishwe ile ya kiwiko, alisimama mlangoni, akawatazama, akaingia ndani. Hakumgusa mtu tena. Alipoita watu kula alisimama mbali. Siku moja nilimwita tukunje shuka, akachukua pembe zake akarudi nyuma kama anayeogopa vidole vyangu. Usiku hakupiga tena ukuta mateke. Alikuwa amelala macho wazi, nami nikajikuta natamani mateke yale.

Nilikwenda ghalani mchana mmoja na sindano ya magunia, maana turubai lilikuwa limechanika na panya wameanza kuingia. Nilimkuta yuko ndani anazunguka ukuta kwa ukuta. Fundi Paa aliingia nyuma yangu, mkono wa kulia bado umefungwa, akavua viatu, akaenda akajilaza chali katikati ya turubai, karibu kabisa na sindano yangu.

"Nishike," alimwambia.

Hatulii alisema hawezi. Fundi akauliza kwa nini, na nilitaka kumfukuza kwa swali lile, lakini mdogo wangu alimjibu.

"Alipiga nikasikia. Usidhani sikusikia. Nilisikia vizuri kabisa, nikaendelea."

"Najua. Nilikuwepo."

"Sasa ukipiga wewe nisipoachia?"

"Huu ndio uliobaki mzima," alisema, akanyoosha mkono wa kushoto. "Nakupa huu."

Hatulii alizunguka ghala mara moja zaidi. Kisha akapiga magoti, akaushika mkono ule kama mtu anayeshika sufuria lililotoka motoni, akalala, akaubana kati ya mapaja yake jinsi ya judo, bila nguvu yoyote. Mimi nilijifanya natunga uzi. Fundi alitulia. Paa lake lile la wiki tatu lililia kidogo kwa joto. Mdogo wangu alikuwa anasubiri, na nilimwona jinsi masikio yake yalivyosimama.

"Piga," alisema.

"Haiumi."

"Piga tu, nijue kama naweza."

"Sina sababu ya kupiga. Niko sawa hapa."

Wakakaa hivyo. Machozi yalimtoka Hatulii yakaingia masikioni kwa vile alikuwa chali, na hakuyafuta kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi. Goti halikucheza, wala unyayo. Dada yake ni mimi, nimemfahamu tangu ana siku moja, na sikuwahi kuona mwili ule umetulia kiasi kile. Nilimpenda yule fundi mvivu kuliko nitakavyowahi kumwambia.

Kisha mdogo wangu alitoa mkono mmoja, akaunyanyua, akapiga turubai. Pa, pa.

Fundi Paa aligeuza kichwa. "Nikuachie nini? Wewe ndiye uliyenishika."

"Najua," alisema, na hakumwachia.

Nilichomeka sindano kwenye kola yangu nikatoka nje, turubai nikaliacha na tundu lake.