Dozi ya Friji

Kila siku saa moja asubuhi, pasi ikiwa imeshapita upande mmoja wa kola na haijafika wa pili, umeme ulikatika nyumbani kwa muuguzi. Kwa majirani taa zinawaka. Kwake tu ndiko swichi ndogo nyeupe ilikokuwa imejishusha ukutani, imenuna.

Swichi hiyo aliifunga Testa, fundi umeme aliyepewa jina hilo kwa sababu testa, bisibisi ya kupimia umeme, haikumtoka mfukoni hata akienda msibani. Aliifunga bure, kwa mapenzi, maana alikuwa anamposa binti wa muuguzi. Aliwaeleza kwamba umeme ukivuja ukapita kwa mtu, swichi inaukata kabla moyo haujasimama. Kumbe alikuwa anajipalia makaa. Wiki ya pili ilipoisha, muuguzi alikwenda zamu amekunjamana hata wagonjwa wakamwonea huruma. Aliporudi akampigia simu.

"Baba, asiyeweza kunipa umeme wa kunyoosha kola nzima atamtunza mwanangu? Nakupa mpaka kesho. Ama uking'oe hicho kidude, ama posa yako nairudisha."

Kung'oa Testa aliogopa, kwa kuwa swichi ya aina ile haijishushi bila sababu. Kumkosa yule binti aliogopa zaidi, tusidanganyane. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu alikuwa ameshabisha hodi. Akapima pasi, nzima. Akapima soketi, nzima. Muuguzi akaanza kupiga pasi chumbani, huku akimhesabia dakika kwa sauti. Testa akajibanza nyuma ya mlango wa jikoni, kimya kama mwizi wa sukari.

Saa moja kamili akaingia Bibi, mama yake muuguzi. Alikuwa ametoka kuoga, pekupeku, maji yanamchuruzika mpaka sakafuni. Akachungulia kushoto, akachungulia kulia, kisha akakiegemeza kiwiko kwenye mlango wa friji kuukuu.

Ta! Swichi ikajishusha. Bibi akaruka, "Mama yangu wee!" halafu akacheka peke yake.

"Bibi!"

"Ah, mume wangu," alisema Bibi bila haya, maana kwa utani wa bibi na mchumba wa mjukuu alikwisha kujiozesha zamani. "Hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo Bibi. Unafanya nini?"

"Marahaba. Natibu kiwiko. Friji hili lina dawa ya baridi yabisi, mwaka wa tatu huu. Zamani lilikuwa linatekenya tu, siku hizi dozi imekuwa kali. Tena tangu uweke kidude chako, linapiga teke moja linazima. Kitoe, mume wangu, nami leo leo nakuozesha. Mama yake hanipingi."

Testa alichungulia nyuma ya friji. Waya wa kupeleka umeme ardhini ulikuwa umeliwa na panya, na huko ndani kuna mahali palipokuwa panavuja, kila siku zaidi. Bila ile swichi, Bibi na maji yake yale angekuwa ameshazikwa. Akalichomoa friji haraka.

"Sitoi, Bibi. Hata nikikosa mke."

"Basi usinisemee."

Muuguzi akatokea, upande mmoja wa kola umenyooka, wa pili umelala. "Umeona mambo yako?"

"Friji linavuja umeme, mama. Kosa langu, ningelipima tangu siku ya kwanza."

"Friji linawaka kutwa kucha. Mbona livuje saa moja tu? Limeajiriwa?"

Testa akatazama sakafu. Neno moja tu lingemwokoa, nalo lilikuwa mdomoni. Akalimeza, maana hakuwa na moyo wa kumchongea mzee.

"Nilijua," alisema muuguzi. "Posa yako..."

"Muache," Bibi akamkatiza. "Ni mimi." Akaeleza yote, mpaka mateke.

"Mama! Mimi muuguzi! Dawa za kiwiko zimejaa kabatini!"

"Dawa unaniachia mezani na kikaratasi. Asubuhi unapita na mkoba begani, 'Shikamoo mama, nimechelewa.' Tangu baba yako afariki, kilichonishika mkono humu ndani ni friji tu."

Muuguzi alivuta kiti. Akamkalisha mama yake, akakishika kiwiko kwa mikono miwili, akaanza kukikanda taratibu huku machozi yakimtiririka bila kuyaficha. Zamu ilishaanza, naye hakutazama saa.

Testa akaanza kurudi nyumanyuma kuelekea mlangoni, adabu za ukweni zikimsukuma.

"Unakwenda wapi, mume wangu?" Bibi akanyoosha kiwiko cha pili. "Hiki nacho akikande nani?"

Muuguzi hakuinua uso. Kwa ncha ya mguu alimsogezea kigoda.